Krismasi Haikuporwa na Baa

Kila Desemba lawama ni zilezile na washtakiwa ni walewale. Hapa Dodoma, baa za Area C na Nkuhungu zinapiga muziki mpaka alfajiri. Maduka yanatundika kofia nyekundu za Baba Krismasi kabla hata Novemba haijaisha. Vijana wanaingia ibada ya asubuhi na nguo mpya, wanapiga picha nje ya kanisa, wanatokomea. Mimbarani tunaambiwa kwamba dunia imempora Kristo sikukuu yake, tunaitikia amina, halafu tunapitia Soko la Majengo kwa sababu mchele na iliki bado havijanunuliwa.

Shtaka hilo silikubali. Baa haikupora kitu. Mwenye baa aliona kiwanja kimetelekezwa katikati ya mji, akajenga. Kiwanja chenyewe ni muda. Kalenda ya Kanisa, iwe la Anglikana, Katoliki au la Kilutheri (KKKT), inaipa Krismasi zaidi ya mwezi mzima: Jumapili nne za Majilio kabla yake, kisha siku 12 baada yake mpaka Epifania, tarehe 6 Januari. Sisi tumeachia mbele na nyuma, tumebaki tunagombania saa mbili za asubuhi ya tarehe 25. Na katika saa mbili hizo kuna matangazo, kuna ubatizo wa watoto, kuna kwaya nne ambazo kila moja imeandaa nyimbo mbili na sare mpya. Mahubiri yanapewa kilichobaki.

Tuanze na Majilio. Ni majira ya toba na kujiandaa, ndiyo maana rangi yake ni zambarau, ileile ya Kwaresima. Sasa linganisha. Kwaresima ikiingia, harusi zinasimama, kwaya zinabadili nyimbo, hata mtu asiyekanyaga kanisani anajua kuna jambo. Majilio yakiingia, ndipo msimu wa harusi unapopamba moto. Ukumbi Dodoma mwezi wa kumi na mbili haupatikani usipouwahi mapema. Mtu ana kadi za mchango tatu mkononi, sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi, na Jumapili ya tatu ya Majilio anafika kanisani macho mekundu kwa usingizi. Hakuna aliyemkataza kufunga wala kusali. Hakupata nafasi, basi. Na aliyeijaza nafasi hiyo ni kamati ya harusi ambayo mara nyingi mwenyekiti wake ni mzee wa kanisa.

Kanisa lenyewe nalo lina kamati zake. Hesabu za mwaka zinafungwa 31 Desemba, kwa hiyo Jumapili za Majilio zimegeuka Jumapili za kumalizia ahadi. Bahasha za jengo, bahasha za gari la mchungaji, bahasha za kwaya inayotaka vyombo, na juu yake bahasha ya sadaka ya Krismasi yenye picha ya nyota. Mhasibu anasoma majina ya waliomaliza na, kwa upole wa kutisha, idadi ya ambao bado. Nimekaa katika ibada ambazo matangazo hayo yalikuwa marefu kuliko somo, zaburi na Injili vikiunganishwa. Halafu tarehe 25 mhubiri huyohuyo anakemea watu kwa kuifanya Krismasi kuwa biashara. Muumini anasikiliza kwa adabu. Moyoni anafanya hesabu yake.

Masomo ya Majilio yenyewe ni makali kuliko tunavyoyakumbuka. Kwa mpangilio unaofuatwa na Wakatoliki na Waanglikana wengi, Jumapili ya kwanza haina mtoto wala hori, ina kurudi kwa Bwana na hukumu. Ya pili na ya tatu ni za Yohana Mbatizaji, mtu wa jangwani, mla nzige, asiye na muda wa salamu ndefu. Katika Luka sura ya 3, somo ambalo zamu yake hufika kila baada ya miaka mitatu, makutano wanamuuliza wafanye nini, naye anawajibu mambo ya kabatini na mfukoni: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, waridhike na mishahara yao. Kwa mji mkuu wa nchi, wenye Bunge, wenye wizara zilizohamia Mtumba, wenye askari na maofisa wa kodi kila benchi la kanisa, sioni mahubiri gani yangefaa kuliko hayo kabla ya sikukuu. Lakini Yohana hayumo kwenye kadi wala kwenye mapambo. Katika maigizo yote ya shule ya Jumapili niliyowahi kutazama, mamajusi wapo, Herode yupo na fimbo yake, malaika wamejaa kwa sababu mashuka meupe hayakosekani nyumbani. Yohana hakuna. Tumemruka mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuandaa njia.

Majirani zetu Waislamu hapa wanatupita, na tuseme ukweli bila kununa. Iddi inanoga kwa sababu ya siku 29 au 30 zilizoitangulia. Muulize mtu yeyote wa Kondoa, atakwambia kwamba pilau la Iddi bila mfungo ni pilau tu. Wakristo nao walikuwa na mfungo wao kabla ya Krismasi. Waorthodoksi hadi leo hufunga siku 40, kuanzia 15 Novemba kwa kalenda yao. Magharibi, huko Gaul ambayo leo ni Ufaransa, mfungo ulioanza sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, ulijulikana tangu karne ya 5. Kidogo kidogo ukalegezwa, ukafupishwa, ukabaki jina na rangi ya kitambaa cha altare. Wamisionari waliofika Mpwapwa miaka ya 1870 walituletea Majilio yaliyokwisha kupunguzwa makali, na sisi tukayamalizia.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa kanda ya kati tulipaswa kuliona zamani, maana liko shambani. Krismasi ya mlo mkubwa iliundwa katika nchi za kaskazini. Kule Desemba ni baridi kali: mavuno yameshaingia ghalani, mifugo ambayo haitaweza kulishwa msimu mzima imeshachinjwa, kazi ya shamba imesimama. Kula sana kulikuwa na mantiki ya majira. Huku kwetu Ugogo mambo ni kinyume. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Tunavuna kati ya Mei na Julai. Kwa hiyo tarehe 25 Desemba inamkuta mkulima wa Bahi, Chamwino au Mpwapwa katika wiki zake ngumu. Akiba ya mtama na uwele inapungua, bei ya debe la mahindi inapanda, na kilichobaki lazima kigawanywe kati ya chungu na mbegu. Wengine wameshaberega, wamefukia mbegu kwenye udongo mkavu, wanatazama mawingu yanayopita kuelekea kwa watu wengine.

Mwambie mtu huyo kwamba sikukuu maana yake ni pilau, kreti ya soda na nguo mpya kwa watoto watano. Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi nenda mnada wa Msalato ukaone nani anauza na nani ananunua. Mnunuzi mara nyingi ni mtu wa mjini ambaye mshahara umetoka mapema. Muuzaji ni mkulima. Bei ni nzuri, sikatai, na hiyo ndiyo sababu mbuzi wanatoka. Ila fedha ya mbuzi yule hairudi nyumbani salama: inakwenda kwenye mchele uliotoka mikoa mingine, kwenye gauni la mtoto na viatu, na Januari ikifika sare za shule, madaftari na mbegu za kurudishia zilizoungua kwa jua vinasubiri vikiwa na bei zao. Serikali iliondoa ada katika shule za umma, lakini haikuondoa viatu. Wenye mishahara huichekea Januari kwa urefu wake. Kwa mkulima wa huku ni mwezi wa kupunguza milo.

Sisemi maskini asile. Anayetaka kumfundisha maskini unyenyekevu kwa kumnyima nyama amekosea Injili yote. Injili ya Yohana inasema kwamba Neno alifanyika mwili, na mwili hula. Yesu mwenyewe aliitwa mlafi na mlevi na watu wa dini wa siku zake. Mtoto wa Chang'ombe ambaye kwa mwaka mzima amevaa mitumba ya kaka zake, akivaa gauni jipya tarehe 25, furaha yake ni ya kweli, na sidhani kama mbinguni kuna anayekunja uso. Ninachosema ni kwamba tumeiweka karamu kubwa kuliko zote palepale ambapo kalenda ya shamba imeweka kungoja. Kungoja huko Kanisa linako tayari kwenye vitabu vyake vya ibada, lakini kumefungiwa kabatini. Mzee aliyetupa mbegu vumbini kabla ya tone la kwanza hahitaji semina ya kumfundisha maana ya Majilio. Anahitaji Kanisa liyaadhimishe Majilio hayo kwa uzito ili imani yake na jembe lake viwe ukurasa mmoja. Na karamu ya chakula tunayo wakati wake, ibada ya mavuno katikati ya mwaka, ghala likiwa na kitu. Ajabu ni kwamba sherehe hiyo, ambayo ndiyo ya kwetu hasa, watu wa mjini wanaijua kama siku ya mnada wa kuku na maboga nje ya kanisa.

Mapambo nayo. Katika kanisa moja la mjini niliona mti wa plastiki umenyunyiziwa vipande vya pamba. Pamba hiyo ni theluji. Dodoma. Chini ya mti kulikuwa na sanamu za plasta, Mariamu mwenye mashavu ya waridi na ng'ombe mnene ambaye hajawahi kuona kiangazi. Wala sipingi sanamu. Mwaka 1223, kijijini Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa Krismasi kwa hori, majani makavu, ng'ombe na punda wa kweli, kwa nia ya kuwafanya watu waone kwa macho yao dhiki aliyozaliwa nayo mtoto yule. Hakuagiza mapambo kutoka Bethlehemu. Alitumia mifugo ya palepale.

Sisi tungekuwa na kazi rahisi kuliko yake. Tembe la Kigogo, lile la paa bapa la udongo, vyumba vikizunguka uwanja wa mifugo, ndama na wana-mbuzi wakilala ndani pamoja na watu, ni nyumba ambayo hori halihitaji maelezo. Bibi aliyejifungulia katika tembe, akisikia ndama wakihema upande wa pili wa ukuta, anaisoma Luka sura ya 2 akiwa na maarifa ambayo wafafanuzi wengi wa Ulaya hawakuwa nayo. Wajukuu zake wanaokaa mitaa ya Kisasa na Ilazo, wenye vyoo vya ndani na televisheni ukutani, wanahitaji kuelezwa. Basi bibi aelezee. Lijengwe tembe dogo uwanjani mwa kanisa, aletwe ndama halisi, apewe bibi dakika 10 mbele ya watoto kabla ya kwaya ya kwanza. Kina mama wa vijijini wapige muheme, ngoma yao ya Kigogo. Kwaya za Wagogo zilishaingiza ngoma, zeze na marimba katika sifa za Mungu siku nyingi, na wageni husafiri kuja Chamwino kusikiliza. Ni ibada ya mjini ya Krismasi tu ambayo bado inaona kinanda ndicho chenye heshima.

Hapa nataka kukaa kidogo kwa watu ambao Krismasi ya Dodoma inawaacha nje kabisa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa watu wa Kilimanjaro, Kagera, Mbeya, Mara na kwingineko. Ikifika wiki ya Krismasi wanaondoka. Kituo cha mabasi cha Nanenane kinafurika, tiketi zinasakwa, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 wa kuelekea Dar es Salaam nao wana njia ya haraka. Ni jambo jema kwenda kwa wazazi. Hata Yusufu alisafiri kwenda kwao, ingawa yeye alifuata amri ya Kaisari na hakuwa na likizo. Lakini geti linabaki, na getini anabaki mlinzi. Tarehe 24 usiku, wakati mkesha unaendelea makanisani, mitaa mizima ya nyumba nzuri inalindwa na wanaume waliokaa kwenye viti vya plastiki na redio ndogo, wengi wao vijana kutoka vijiji vya Wagogo ambao hawaruhusiwi kuondoka mpaka bosi arudi.

Injili ya Luka inasema habari ya kuzaliwa ilipelekwa kwanza kwa watu wa zamu ya usiku. Wachungaji wale walikuwa kazini, wanalinda mali hai ambayo pengine haikuwa yao. Malaika hakuwaambia wasubiri ibada ya pili ya saa nne. Kama kweli tunataka imani iwe katikati ya sikukuu, kipimo changu ni hicho: mlinzi wa Kisasa alisikia Injili saa ngapi, na aliletewa na nani? Jumuiya zetu zinakutana nyumba kwa nyumba mwaka mzima. Wakatoliki hata wana novena ya Noeli, siku 9 kuanzia tarehe 16 Desemba, watu wakisali kwa zamu kwenye nyumba za majirani. Jumuiya hiyohiyo ikiamua kwamba usiku wa 24 itapita getini hadi getini, ikaimba ubeti mmoja, ikasoma aya chache na kuacha chupa ya chai, haihitaji bajeti wala kibali cha mtu zaidi ya kumjulisha mwenyekiti wa mtaa, ili wasidhaniwe wezi.

Na dada wa kazi. Pilau la tarehe 25 haliivi lenyewe. Mtu ameamka saa kumi alfajiri, amechagua mchele, amemenya vitunguu vya kutosha ukoo mzima, na familia inaporudi kutoka kanisani saa sita inakuta meza tayari na inasali sala ya chakula yenye shukrani ndefu kwa Mungu na fupi kwake. Yeye ibada hajaiona. Mara nyingi ni binti wa miaka 18 au 19 aliyebatizwa na kupata kipaimara kijijini, anayejua nyimbo za Krismasi kuliko watoto wa nyumba ile. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba Krismasi imepoteza utakatifu angeweza kuanza kwa kula saa tisa badala ya saa saba.

Misaada sitaikalia sana. Kijiji cha Matumaini cha watoto yatima, wodi za hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Gereza la Isanga: Desemba wageni wanapishana mlangoni na sukari, sabuni, mchele na simu za kupigia picha. Waendelee kwenda, sabuni ni sabuni. Ila mfungwa na yatima wanakula na Machi pia.

Wapo watakaosema njia fupi ni kuifuta sikukuu yenyewe. Baadhi ya makanisa ya hapa mjini hayaiadhimishi, na hoja yao inajulikana: tarehe haimo katika Biblia. Kweli haimo. Kumbukumbu ya zamani zaidi inayojulikana ya kuadhimisha 25 Desemba ni ya Roma, mwaka 336, zaidi ya miaka 200 baada ya mitume. Lakini kufuta kumeshajaribiwa na watu wenye bidii kuliko sisi. Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, lilipiga marufuku Krismasi mwaka 1647. Kukazuka ghasia katika miji kadhaa, na ufalme uliporudishwa mwaka 1660 sikukuu ikarudi nao. Massachusetts, huko Amerika, walitoza faini ya shilingi 5 kwa anayeiadhimisha kuanzia 1659, wakaifuta sheria hiyo 1681. Watu hawakuacha kusherehekea. Waliendelea nyumbani na kwenye vilabu vya pombe, bila Kanisa. Huko ndiko kufuta kunakoelekea: unaondoka wewe, karamu inabaki na mwingine.

Sasa upande wa pili wa sikukuu, zile siku 12. Jioni ya tarehe 25 kwetu mambo yamekwisha, sufuria zinaoshwa. Tarehe 26 Serikali inatupa mapumziko ya siku ya kufungua zawadi, na watu wanaitumia kulala au kunywa. Kanisa siku hiyo linamkumbuka Stefano, aliyepigwa mawe kwa ajili ya imani. Tarehe 28 ni watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Ukiyasoma masomo hayo kwa mpangilio unaona jinsi Krismasi halisi isivyo na sukari nyingi: ndani ya siku 3 za kuzaliwa tuna shahidi na mauaji ya watoto, na familia ya Yesu inakimbilia Misri. Nchi hii imepokea wakimbizi kwa miongo mingi, wengi wao wakiwa Wakristo kutoka Burundi na Kongo, na bado sikumbuki lini nilisikia mahubiri ya tarehe 28 Desemba yaliyowataja. Sikumbuki hata lini nilisikia mahubiri ya tarehe 28 isipokuwa iangukie Jumapili.

Badala yake tunarukia mkesha wa 31 Desemba. Hapo kanisa linajaa kuliko mkesha wa Krismasi, viti vinatolewa nje, na watu wanakuja na mafuta, na maji, na orodha za maombi ya mwaka mpya: gari, kiwanja, cheo, mume. Sidharau maombi ya mtu, kila mmoja anajua kinachomsumbua. Lakini naona kwamba mkesha wa kumpokea Kristo maskini umezidiwa na mkesha wa kuomba tusiwe maskini, na waliopanga iwe hivyo si watu wa baa. Ni sisi, kwa mabango tuliyochapisha wenyewe na vipaza sauti tulivyokodi wenyewe.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye vikao, kwa kuwa kalenda hupangwa vikaoni. Halmashauri ya parokia au baraza la wazee linaweza kuamua mwaka huu kwamba mwisho wa ahadi za waumini ni Juni au Julai, wakati mkulima ana gunia la kuuza na mtumishi hajabanwa na nauli ya kwenda kwao, na kwamba kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio hadi Epifania hakuna bahasha itakayosomwa madhabahuni. Linaweza kutangaza kuwa harusi za Desemba zitafanyika baada ya tarehe 26, ndani ya zile siku 12, ambamo sherehe ina mahali pake. Wanaharusi watanung'unika mwaka mmoja, wa pili watakuwa wamezoea kama walivyozoea Kwaresima. Mhasibu atasimama aseme dayosisi inafunga hesabu Desemba na taarifa ya parokia itaonekana ina pengo. Ana haki ya kusema hivyo, na ajibiwe kwa takwimu zake mwenyewe: atoe daftari, aonyeshe ahadi za wakulima za miaka mitano iliyopita, waliozimaliza walizimaliza mwezi gani.